Kisiki cha Kushoto

Kazi yangu ni kuitafutia kuvu ukoo wake. Watu wakisikia hivyo hucheka, nami nimezoea. Hapa Nyeri DNA ni neno la kortini na la matanga: watu wanataka kujua mtoto ni wa nani na shamba litabaki na nani. Kuna mwanamume aliyetoka Chaka na bahasha yenye nywele za mtoto, akakaa kwenye benchi la nje tangu asubuhi mpaka saa saba, na nilipomwambia kwamba sisi hupima ukungu wa mimea tu, akanitazama kama mtu aliyeibiwa. "Ati ukungu iko na baba?" akaniuliza. Nikamwambia iko naye, na wajomba pia. Hakucheka. Aliondoka na bahasha yake, nami nikarudi ndani nimejichukia kidogo, maana mtu mwenye shida si wa kutaniwa.

Maabara yenyewe ni vyumba viwili nyuma ya jengo la zamani. Tulikuwa watatu. Mmoja akahamishwa, mwingine akastaafu, nikabaki na jokofu na mashine. Naweza kumaliza siku tatu sijatamka sentensi ndefu kuliko "weka hapo mezani." Jioni narudi kwenye chumba changu cha kupanga, napika ugali wa mtu mmoja, kitu ambacho nimekwisha kujua hakiwezekani, kwa sababu kila mara unakuwa mwingi. Sili kiporo kwa kupenda. Nakila kwa sababu hakuna mwingine wa kukila.

Nieleze kazi kidogo, kwa sababu bila kuielewa hutaelewa nilichofanya. Unabandua gome la mti uliokufa, unakuta utando mweupe. Unabandua gome la mti wa pili, unakuta utando mweupe uleule, na unaweza kuapa kwamba ni kitu kimoja. Kumbe mmoja ni muuaji. Huo hutoka kwenye kisiki cha zamani, ukasafiri chini ya udongo kwa mizizi na kwa vikamba vyeusi vyembamba, ukaishika mizizi ya mti mzima na kuunyonga. Mwingine hula mti uliokwisha kufa, hauna neno na mtu. Huku kwetu yule muuaji hatoi uyoga wake nje ila mara chache sana, kwa hiyo ukitaka kuutambua kwa macho utangoja mpaka uchoke. Ndiyo maana tunasoma DNA. Tunasaga kipande cha utando, tunaitoa DNA, mashine inaizidisha, halafu inasomwa herufi kwa herufi. Herufi hizo tunazilinganisha na za kuvu zinazojulikana, tunachora mti wa ukoo, tunaona nani ameketi karibu na nani. Wakati mwingine sehemu moja haitoshi, maana ndugu wa karibu hufanana mno hapo, basi tunasoma sehemu ya pili.

Herufi zenyewe ni nne tu: A, C, G na T. Hakuna L humo wala R. Ingekuwa dunia yote inaandikwa kwa hizo nne, leo ningekuwa bado na watu.

Kwetu ni juu ya Kutus, mahali ambapo mashamba ya kahawa yanateremka mpaka mtoni. Mama alifariki nikiwa darasa la sita. Sikuzaliwa na ndugu. Watu wangu walikuwa wawili, baba na mdogo wake, baba mdogo, ambaye hakuoa na alikula kwetu siku nyingi kuliko alivyokula kwake. Nilipewa jina la mama yao, na kwa desturi yetu hilo si jambo dogo. Wote wawili hawakuniita kwa jina hata siku moja. Waliniita maitu, yaani mama yetu. Nikiwa mtoto wa miaka saba, wanaume wawili wazima walikuwa wakiniuliza, "Maitu, tumekosa nini leo?" nikikunja uso. Nilijiona mkubwa mno. Hakuna kitu nilichokuwa nacho duniani zaidi ya hao wawili na hilo neno.

Kati ya shamba la baba na la ndugu yake kuna mtaro wa maji ya mvua. Nyanya alikuwa amewaachia miti miwili mikubwa ya muringa, mmoja kwa baba, kushoto ukiutazama Mlima ulio juu yetu, na mmoja kwa ndugu yake, kulia. Baba aliukata wake alipokuwa akijenga nyumba. Baba mdogo akaukata wake kwa ajili ya milango na madirisha. Visiki vikabaki. Afisa wa kilimo aliwaambia wavichimbe, wakasema ndiyo, wakaendelea na shughuli zao.

Miaka ikapita, kisha kahawa ya baba ikaanza kufa. Ilianzia kwenye mistari iliyo karibu na mtaro. Majani yaligeuka manjano, na kabla ya wiki mbili kwisha mti ulikuwa umekauka umesimama, na matunda yake mabichi bado yakining'inia. Baba aling'oa mmoja, akakuta weupe chini ya gome na harufu ya uyoga. Alisimama akautazama mtaro, na akili yake ikaruka upande wa pili.

"Ni hiyo kisiki yako," akamwambia ndugu yake.

"Na yako je? Hiyo yako ni ya dhahabu?" akajibu baba mdogo.

Walikuwa na vichwa vigumu wote wawili, lakini hawakuwa wabaya. Walibishana juma zima, mpaka baba mdogo mwenyewe akasema jambo ambalo lilimaliza ubishi: maitu apime, na atakachosema maitu, kila mtu akubali. Wakapeana mikono juu ya mtaro. Baba mdogo akaongeza mzaha wake, "Wacha kisiki ipimwe DNA, tujue hii maneno ni ya nani." Baba alinisimulia haya kwa simu akicheka. Ilikuwa bado ni utani.

Ningeweza kwenda mwenyewe. Nyeri na Kutus si mbali hivyo, unapita Karatina na Kagio na umefika. Nilisema nina kazi nyingi. Ukweli ni kwamba sikutaka kusimama kati yao nikishika panga huku kila mmoja akinitazama usoni. Nikaamua baba akate sampuli, azitume na gari la abiria. Halafu nikajifanya mtaalamu zaidi ya ilivyohitajika. Maabarani tuna sheria kwamba bahasha isiandikwe jina la mwenye shamba, ili msomaji asije akampendelea mtu. Sheria nzuri. Nikaitumia hata kwa baba yangu mzazi.

"Baba, simama kwenye mtaro utazame Mlima," nilimwambia kwa simu. "Kisiki cha mkono wa left, bahasha yake uandike herufi ya kwanza ya left. Cha mkono wa right, uandike herufi ya kwanza ya right. Mizizi ya kahawa uandike K. Usiandike jina la mtu."

Nilisema left na right kwa sababu ndivyo alivyozoea. Alikuwa ameendesha lori la chama cha kahawa miaka mingi, na kwake barabara haikuwa na kushoto wala kulia, ilikuwa na hayo mawili.

"Reft," akasema baba. "Na light. Na K. Nimeshika."

Hapo ndipo palipo na kidonda changu. Sisi Wakikuyu, kwa lugha ya mama zetu, hatuna L. Ulimi wa baba haukujua mahali pake: penye L uliweka R, na kwa Kiingereza penye R ukaweka L. Alisema rori, alisema mirango, alisema maji ya kurewesha ni mabaya. Na mimi nilisema hivyohivyo mpaka nilipofika chuo kikuu, nikasimama mbele ya darasa nikatamka "raboratory," na ukumbi mzima ukavunjika mbavu. Nilirudi bwenini nikalia, kisha nikasimama mbele ya kioo: lala, lulu, lawalawa, lori. Miezi. Nikaunyoosha ulimi wangu kama waya. Na nilipourudisha nyumbani umenyooka, nikaanza kumnyoosha baba. "Si rori, baba, ni lori." Mbele ya wageni, mbele ya pasta. Alivumilia mwaka mzima, mpaka siku moja akaweka kikombe chini, akaniambia polepole, "Maitu, mimi nitaongea na hii mdomo iko." Niliona haya ambayo sijawahi kuona. Nikajiapiza sitamsahihisha tena.

Kwa hiyo aliposema "reft" kwa simu, nilisikia. Nilisikia vizuri sana. Nikauma ulimi, nikajisifu kwamba nimekuwa binti mwenye adabu, nikamwambia, "Sawa baba."

Bahasha tatu za kaki zikafika siku ya pili, zimefungwa kwa uzi wa gunia. K. L. R. Mwandiko wa baba, herufi kubwa zilizokandamizwa mpaka karatasi ikatoboka. Zote tatu zilikuwa na weupe. Kwa macho, ndugu watatu. Nikasaga, nikazidisha, nikapeleka kusomwa, majibu yakarudi. L ilikuwa mlaji wa miti iliyokufa, kitu cha kawaida kabisa, hata si wa ukoo ule. K na R walikuwa ni muuaji. Nikasoma sehemu ya pili ya DNA ili nisiseme jambo nusunusu, na kwenye mti wa ukoo K na R wakakaa tawi moja, hawana hata herufi moja ya kuwatenganisha.

Nilifurahi. Nasema ukweli wangu, nilifurahi kwamba si kisiki cha baba. Sheria yangu ya kutopendelea ilikaa kwenye bahasha tu, moyoni haikuingia.

Nikapiga simu, baba akaweka sauti ya juu ili na baba mdogo asikie. Kama ningesema "ni R," wote wawili wangeelewa sawasawa, wangetazama kisiki cha baba, na baba angekuna kichwa. Lakini mimi ni msomi. Nikawatafsiria. "Ni kisiki cha baba mdogo," nikasema.

Kisha nikasikia sauti ya baba mdogo, "Kama ni maitu amesema, mimi nimekubari."

Na alikubali kweli. Alichimba kisiki chake chote, siku nne, mtu mwenye umri ule, na jembe na shoka. Akang'oa na mistari miwili ya kahawa yake mwenyewe iliyokuwa kando ya mtaro, mizima, yenye matunda, ili ugonjwa usipate njia. Kisha akaleta mbuzi kwa baba, kama inavyotakiwa mtu akimharibia mwenzake. Baba akaipokea kamba. Ingeishia hapo. Lakini baba mdogo ni mtu asiyeweza kumeza neno. Akasema, "Nimeng'oa yote. Lakini nikuambie ukweri, kwa ile mizizi yangu sikuona kamba nyeusi hata moja."

Baba akamrudishia kamba ya mbuzi mkononi.

"Unamwita maitu mwongo?"

"Sijasema hivyo. Nimesema kire niliona."

"Umemwita mwongo kwa boma yangu. Chukua mbuzi yako. Na hii upande yangu usikanyage tena."

Jirani aliyekuwapo ndiye aliyenisimulia. Baba hakunisimulia kamwe. Alikuwa amegombana na mtu pekee aliyezaliwa naye tumbo moja, na aligombana kwa ajili yangu, kutetea kusoma kwangu. Nilipokwenda Krismasi, sahani zilikuwa mbili mezani. Niliuliza kama nimwite baba mdogo. Baba akasema chai inapoa. Sikumsukuma. Sikwenda hata kwenye mtaro kutazama. Nilikuwa na majibu ya DNA, ningetazama nini tena? Na wala sikuvuka kwenda kwa baba mdogo, kwa sababu nilimkasirikia. Nilikuwa nimeona jambo kwa herufi mia kadhaa, naye ananiletea macho yake.

Kahawa ya baba iliendelea kufa. Hilo lingenishtua, kama ningekuwa na akili. Kisiki kimeng'olewa, ugonjwa unaendelea. Nilisema ni mizizi iliyobaki udongoni. Tuna jibu kwa kila kitu sisi.

Miaka mitatu waliishi hivyo, hatua thelathini kati yao. Kanisani mmoja alikaa mbele kushoto na mwingine akakaa nyuma karibu na mlango. Baba akaanza kuugua macho, kisha moyo. Alilazwa siku tisa, nami nikawa naye siku sita za mwisho. Alifariki saa tano asubuhi, nikiwa nimetoka kununua maziwa.

Tulimzika shambani, karibu na mtaro, mahali pale ambapo kahawa ilikuwa imekauka na pakabaki wazi. Watu walikuwa wengi. Baba mdogo hakuja kaburini. Alisimama upande wake wa mtaro, kofia mkononi, suti yake ya harusi za watu imembana mabegani, tangu wimbo wa kwanza mpaka jembe la mwisho. Watu walinong'ona. Mimi nilisema moyoni kwamba ni kiburi, hata mauti hayajamshusha. Nilitupa udongo peke yangu, mkono mmoja kwa niaba ya ukoo mzima. Hakuja kunisalimia, nami sikwenda. Jioni ile, nikikunja viti vya kanisa, nilielewa kwamba sasa hakuna mtu atakayeniita maitu.

Mwezi uliofuata nilirudi kupanga vitu vyake. Hakuwa na vingi. Kwenye droo ya kando ya kitanda nilikuta miwani, betri za redio, na chupa mbili ndogo za dawa ya macho. Dawa hazikuwa sawa, kila jicho lilikuwa na yake, na baba, mtu wa mpango, alikuwa amezibandika plasta nyeupe na kuandika juu yake kwa kalamu asije akachanganya. Nikaishika moja, nikasoma. LIGHT. Nikacheka. Kicheko cha kwanza tangu azikwe. Nikamwona kabisa akiwa ameinama, ulimi nje, akikandamiza kalamu. Nikachukua ya pili. REFT.

Nilikuwa bado nacheka nilipokaa kitandani. Halafu nikaacha kucheka.

Herufi ya kwanza ya left.

Nilikaa na ile chupa mkononi mpaka kuku wakaanza kuingia ndani kwa kuona nyumba kimya. Nilijaribu kila njia ya kukwepa. Nikasema labda alijifunza kuandika hivyo baadaye. Nikasema labda siku ile aliandika sawa. Lakini nilijua. Hakuna Mkikuyu wa rika la baba ambaye ningemwambia andika herufi ya kwanza ya left akaandika kitu kingine, na mimi, niliyelia bwenini kwa ajili ya herufi hiyohiyo, ndiye niliyepaswa kujua kuliko mtu yeyote. Nikachukua panga na mfuko, nikaenda kwenye kisiki cha baba. Kilikuwa bado pale, kimezungukwa na magugu. Nikabandua gome. Vikamba vyeusi vilikuwa vimelala chini yake kama kamba za viatu.

Sikumwambia mtu. Nilirudi Nyeri, nikapima tena, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kumhukumu mtu mara moja bila kuhakikisha. Nikaitoa na ile DNA ya zamani, K na R, iliyokuwa imekaa kwenye jokofu miaka yote hiyo. Majibu yakarudi siku ya Alhamisi. Kisiki cha baba, K na R: tawi moja, herufi kwa herufi. DNA haikuwa imekosea hata mara moja. Nilikaa mbele ya kompyuta nikalia kwa sauti, na faida ya kufanya kazi peke yako ni kwamba hakuna wa kukuuliza una nini.

Jumamosi nilivuka mtaro. Baba mdogo alikuwa nje ya jiko lake akipepeta maharagwe. Alikuwa amekonda. Aliniona, akaweka ungo chini, akaingia ndani akatoka na kiti, akakipangusa kwa mkono wa shati.

"Keti," akasema. Hakusema maitu.

Nilikuwa nimejipangia maneno tangu Karatina, yote yakanitoka. Nikatoa chupa ya dawa ya macho, nikampa. Akaisogeza karibu na macho, akasoma.

"Ni ya reft," akasema. "Alikuwa mgonjwa ya macho? Sikujua."

"Baba mdogo, left inaandikwa kwa L."

Akanitazama bila kuelewa. Nikamweleza yote. Bahasha, herufi, sheria yangu ya kutoandika majina, majibu ya kwanza na majibu ya Alhamisi. Nikamwambia kisiki chake kilikuwa safi. Nikamwambia kwamba aling'oa kahawa nzima bure, akafukuzwa bure, na kwamba ni mimi. Nikamwomba msamaha.

Alikuwa akiizungusha ile chupa.

"Mimi nilikuwa hapo," akasema mwishowe. "Siku ile ya bahasha. Nilishika ile karatasi akiandika. Aliandika R, nikaona iko sawa." Akaitazama tena plasta. "Hata sasa mimi naona iko sawa."

Ningependa angenitukana. Aliuliza jambo moja tu.

"Yeye alijua?"

"Hapana."

"Alikufa na hiyo hasira?"

Nilitaka kusema uongo. Ungekuwa mdogo, na ungemfaa. "Alikufa nayo," nikasema.

Akatikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa bei. Kisha akaniambia jambo ambalo sikulijua. Siku baba alipolazwa, kabla sijafika kutoka Nyeri, baba mdogo alikwenda hospitali na uji kwenye chupa ya chai. Akasimama karibu na kitanda. Baba, ambaye hakuwa akiona vizuri, akauliza ni nani. Akajibu, ni mimi. Baba akageukia ukuta. Baba mdogo alikaa hapo saa nzima ya wageni, akauacha uji kwa mgonjwa wa kitanda cha pili, akarudi nyumbani.

Nilishindwa kumtazama. Nikaomba twende pamoja kaburini, tumwambie. Nilijua ni maneno ya kitoto, lakini sikuwa na mengine.

Aliinuka, akavaa kofia yake. Tulitembea mpaka kwenye mtaro, na mimi nikavuka. Nilipogeuka, yeye alikuwa amesimama ukingoni, vidole vya miguu kwenye nyasi za mwisho za upande wake.

"Vuka, baba mdogo."

"Alisema nisikanyage," akajibu. "Na yeye ndiye mkubwa."

Basi siku ya mazishi hakikuwa kiburi. Nilikwenda peke yangu. Ni hatua chache. Nikasimama kwenye kichwa cha kaburi, udongo ukiwa bado mwekundu, Mlima ukiwa wazi mbele yangu, na nikasema, "Baba, nilikosea. Kilikuwa kisiki cha left."

Sauti yangu ilitoka safi, na L yake imenyooka.

"Sema kwa nguvu," baba mdogo akaniambia kutoka ng'ambo. Alikuwa ameivua kofia. "Na sema vire atasikia, maitu."

Nikafungua mdomo, na ulimi ukakataa mara moja, mara mbili. Kisha ukakubali.

"Ni ya reft, baba," nikasema kwa nguvu. "Ya reft. Ni kisiki yetu."